Nukta Nyeupe ya Darasa Namba Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mlango wa darasa namba saba unagongwa. Anayegonga ni mwanamume wa makamo mwenye mkoba wa vifaa begani na bisibisi kwenye mfuko wa shati. Anatafuta ofisi ya mkuu wa shule. Amekosea mlango.

Hajamaliza kusema samahani, wanafunzi hamsini na wanane wanasimama. Msichana wa mstari wa mbele, ambaye ndiye kiranja wa darasa, anavuta kiti chenye mto mwekundu kutoka kona na kukiweka katikati ya chumba.

"Shikamoo, fundi. Karibu ukae. Ila viatu, tafadhali."

"Marahaba. Viatu vyangu vimefanya nini?"

"Havijafanya kitu. Umekanyaga bahari."

Fundi anatazama chini. Sakafu nzima, kutoka ukutani hadi ukutani, ni ramani ya dunia iliyopakwa kwa rangi: mabara ya kijani na kahawia, mito myembamba kama mishipa ya mkono, bahari ya buluu inayopita chini ya madawati na kutokea upande wa pili. Yeye amesimama kwenye Pasifiki. Anarudi nyuma haraka, kama mtu aliyekanyaga msala wa watu kwa viatu.

"Mimi nimekuja kutengeneza mashine ya fotokopi," anasema.

"Tunajua utakuwa umekuja kwa jambo fulani," anajibu mwalimu, mwanamke mfupi aliyefunga mkono wa miwani yake kwa uzi. "Maswali matatu tu, kisha tutakupeleka wenyewe."

Mwalimu huyu amefundisha jiografia kwa miaka ishirini na mitatu, yote katika shule hii. Wanafunzi humwita Bi Ikweta, na hawamfichi. Akifundisha hutembea juu ya mstari mwekundu unaoikata sakafu kutoka dirishani hadi mlangoni, na kelele zikizidi upande mmoja husema bila kugeuka, "Kizio cha kusini, nawasikia."

Sheria ya darasa lake ni moja. Yeyote anayebisha hodi wakati wa kipindi hukalishwa kwenye kiti cha mgeni. Wameshakikalia muuza mitumba, muuguzi aliyefanya kazi ng'ambo miaka kumi na mmoja, na mhandisi wa barabara kutoka bara jingine aliyesimama kuuliza njia. Amekikalia hata mzazi aliyekuja kulalamikia alama za mwanawe. Alisimulia mpaka kengele ikalia, akaondoka amesahau kulalamika.

Fundi anavua viatu. Soksi moja imetoboka na kidole gumba kinachungulia. Hakuna anayethubutu kucheka, mpaka yeye mwenyewe anapokitazama na kusema, "Na hiki kimekuja kuona dunia." Hapo darasa zima linaangua kicheko, naye anakaa.

Mvulana anayeitwa Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzima, ndiye mwenye zamu ya maswali.

"Kwenu ni wapi, fundi? Tuoneshe kwa mguu."

Fundi anainuka. Anapita bara zima kwa hatua nne, anafika kwenye ziwa lenye ukubwa wa sinia, anachuchumaa. Kidole chake kinafuata ukingo wa mashariki, kinasita, kinarudi.

"Hapa mmeandika mji wa soko. Sisi tulikuwa chini yake kidogo. Hamjatuweka."

"Kwenye atlasi kijiji chenu hakimo," anasema kiranja kwa upole.

"Hata ukienda hutakiona, mwanangu. Kiko ndani ya ziwa."

Anasimulia akiwa bado amechuchumaa. Mvua za miaka mitatu mfululizo. Ziwa likapanda kidogo kidogo, bila kelele, kama mgeni anayesogeza kigoda. Nyumba mia mbili na kumi, shule, kaburi la baba yake. Walihamisha nyumba kwenda juu mara mbili. Mara ya tatu hapakuwa na juu.

"Watu wanakosea nini wanapowasema ninyi?" Redio anauliza swali la pili. Sauti yake imepungua.

"Wanasema tulikuwa wajinga kujenga karibu na maji. Hatukujenga karibu na maji. Nilipokuwa mdogo mama akinituma ziwani nilikuwa naimba nyimbo nne kwenda na nne kurudi. Maji ndiyo yalikuja kujenga karibu na sisi."

"Na kitu gani cha hapa kilikushangaza ulipofika?"

Fundi anafikiri. "Kwamba mnanunua maji kwa ndoo. Sisi yalitufukuza bure."

Kalamu zote zimesimama. Umri wa wanafunzi hawa ni miaka kumi na saba, kumi na minane. Wengi wamelisoma neno "mabadiliko ya tabianchi" tangu wakiwa wadogo, wakalijibia mitihani, wakapata alama. Asubuhi hii neno hilo lina soksi iliyotoboka.

"Na mimi nina swali," anasema fundi, akimgeukia mwalimu. "Mama yangu ninaishi naye hapa. Ana miaka themanini na mmoja. Kila akiona ramani, kwenye kalenda, kwenye taarifa ya habari, ananiuliza: sisi tuko wapi hapo? Sina la kumjibu. Ijumaa alfajiri anasafiri kwenda kwa dada yangu, na kwa umri wake sijui kama atarudi. Mnaweza kutuwekea hata alama?"

"Mlete Alhamisi," anasema Bi Ikweta. "Atakikuta."

Mlangoni kuna mtu amesikia. Ni mkuu wa shule, mikono kiunoni, viatu vyake vikiwa nje ya kizingiti kwa uangalifu.

"Fundi, nimezunguka shule nzima nikikutafuta, kumbe umekalishwa," anasema. Lakini hamtazami fundi. Anamtazama mwalimu, na uso wake si wa mtu aliyekasirika. Ni wa mtu aliyeona gilasi ikianguka na mkono wake uko mbali.

Sababu ya uso ule ilikuwa barua iliyofika wiki mbili kabla. Darasa namba saba, kwa kuwa ndilo kubwa kuliko yote, lilikuwa limeteuliwa kuwa chumba cha mtihani wa taifa. Na kanuni ya chumba cha mtihani inaeleweka hata na mtoto: pasiwe na ramani, mchoro wala maandishi yanayoweza kumsaidia mtahiniwa. Hapa ramani ilikuwa chini ya miguu yao.

Mkuu wa shule alipiga simu mara sita kuitetea sakafu ile. Mwishowe alikubaliwa kwa masharti. Mkaguzi angekuja siku ya Ijumaa na atlasi rasmi mkononi. Kama ramani ingekuwa zana halali ya kufundishia, isiyo na kitu nje ya atlasi, ingefunikwa kwa turubai wakati wa mtihani na kubaki. Kama ingekutwa na kitu cha ziada, ingepakwa rangi ya kijivu yote.

"Nilimwambia mwalimu kitu kimoja tu," anakumbuka mkuu. "Usiongeze hata nukta."

Ili kujua nukta moja ilikuwa na uzito gani, mtu sharti ajue sakafu ile ilivyopatikana. Shule haikuwa na ramani ya ukutani isiyochanika, na atlasi zilikuwa kumi na mbili kwa darasa la watu hamsini na zaidi. Bi Ikweta akasema, kama hatuna pa kuitundika dunia, tutaikanyaga. Waligawa sakafu ya mita tisa kwa sita kuwa miraba hamsini na minne kwa uzi na chaki, kila mraba na mwenyewe, wakainakili atlasi kipande kwa kipande. Madarasa matano yaliyopita hapa yamepaka humo. Rangi ilitoka kwenye mabaki ya nyumba za wazazi, na ndiyo maana jangwa kubwa kuliko yote duniani lina rangi ya jiko la mtu.

Hata makosa yana wenyewe. Mraba wa ishirini na nane ulipakwa na kijana aliyependa kula, na kisiwa kilichomo kimenenepa. Leo kijana huyo ni dereva wa gari la wagonjwa. Akipita shuleni huingia, huvua viatu, na kusimama kwenye kisiwa chake.

Kiti cha mgeni ni kikubwa kwa umri kuliko ramani, na kilitokana na jambo ambalo Bi Ikweta hulisimulia bila kujipendelea.

Mwaka wake wa nne kazini, alifundisha somo la tamaduni za watu wa nchi kame. Alisoma kutoka kwenye daftari lake, nalo lilinakiliwa kutoka kwenye kitabu: wanahamahama, hawana makao, hawathamini elimu. Wanafunzi wakaandika. Wiki iliyofuata akatoa jaribio. Msichana mmoja mkimya, aliyehamia muhula ule, alipata alama zote.

"Nilikuwa nimeshaandika 'vizuri sana' kwa kalamu nyekundu," anasema. "Ndipo nikaona maneno madogo chini ya karatasi."

Karatasi hiyo bado anayo. Imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kukatika. Maneno yale madogo yanasema: *Nimejibu ulivyofundisha. Mimi ni wa huko. Baba yangu ni mwalimu.*

Hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Kisha akafunga safari hadi nyumbani kwa msichana yule, akamwomba baba mtu aje darasani. Akaja, mtu mrefu mwenye koti lililopigwa pasi vizuri. Hapakuwa na kiti cha ziada, mwalimu akampa cha kwake. Mzee akakaa, akawatazama wanafunzi mmoja mmoja, akasema, "Hamjambo. Mimi ndiye yule asiyethamini elimu."

"Darasa lilicheka mpaka yeye mwenyewe akafuta machozi," anasema Bi Ikweta. "Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama, na tangu siku ile sijawahi kukikalia tena kile kiti. Nilijiambia, sitawasema watu nikiwa nimewafungia nje."

Siku ya Jumatano aliwaeleza wanafunzi wake ukweli wote. Ramani ilikuwa yao pia, na hakutaka kuitoa sadaka kwa ahadi aliyoitoa bila kuwauliza.

"Tukiweke baada ya mkaguzi kuondoka," alisema Redio.

"Bibi anasafiri Ijumaa alfajiri," kiranja akamkumbusha. "Umesikiliza kweli, au ulikuwa hewani tu?"

"Basi tukiweke, bibi aone, akishaondoka tufute. Buluu ipo. Dakika mbili."

Hilo likapita. Lilikuwa na akili na halikumuumiza mtu. Mabishano yaliyobaki yalikuwa ya rangi. Mmoja alitaka kijani, kwa sababu kijiji ni nchi kavu. Mwingine akasema kijani kitakuwa uongo, pale sasa ni maji. Walibishana kipindi kizima, na mwalimu aliwaacha. Mwishowe msichana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye huongea mara moja kwa mwezi, akasema, "Nyeupe. Kama mtu aliyesahau shati kwenye kamba akahama."

Alhamisi saa nane mchana, mama wa fundi alifika akiwa ameshika mkono wa mwanawe. Mlangoni, kabla hajaambiwa, akavua kandambili zake.

"Shikamoo, bibi," sauti hamsini na nane zikasema.

"Marahaba, wajukuu. Mbona wengi hivi, mnalishwa na nani?"

Wakamwongoza juu ya dunia taratibu. Kiranja alimweleza kila walipopita: hapa ni milima, bibi, hapa ni mto, hapa ni mpaka. "Huu mpaka sikumbuki kuuona," bibi alisema, akauvuka.

Nukta ilikuwa pale, ndani ya buluu, ndogo kuliko ukucha, na pembeni yake jina la kijiji kwa herufi nyembamba. Bibi hajui kusoma. Mwanawe akamsomea. Bibi akamwambia arudie. Akarudia.

Kisha akaweka mguu wake wa kulia kando ya nukta, si juu yake, akasimama. Akaanza kusema, kama mtu anayeelekeza njia: nyumba ya mkunga ilikuwa hapa, njia ya kisimani huku, hapa ndipo huyu fundi wenu alipovunjika jino kwa kiburi. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye buluu tupu, na hamsini na wanane walifuata kidole, na mtu angeapa kwamba waliviona.

Redio alikuwa amesimama nyuma yake na kopo la rangi ya buluu, akilificha mgongoni.

Bibi akamgeukia mwalimu. "Mwanangu, mimi naondoka kesho. Mtakiacha?"

Bi Ikweta anasema aliliona kopo. Anasema aliiona pia miaka mitano, mraba kwa mraba, na mkuu wake akipiga simu ya sita.

"Tutakiacha, mama."

"Maji yalikifuta mara moja," alisema bibi. "Mara moja inatosha."

Redio akarudisha kopo kabatini. Hakuna aliyemtuma.

Mkaguzi alifika Ijumaa saa nne kamili, viatu mkononi na atlasi kwapani. Alikuwa mtu makini. Alitembea mraba kwa mraba, akiinama, akilinganisha. Kwenye kisiwa kilichonenepa alitabasamu na kupita. Mkuu wa shule alianza kupumua. Kisha mkaguzi akafika ziwani na kusimama.

"Na hiki?"

"Ni tone la rangi," mkuu wa shule akasema haraka. "Unajua watoto, mkaguzi."

Na jina lile pembeni? Herufi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu asiyetaka kuzisoma angeweza kutozisoma. Mkaguzi hakuinama. Alimtazama Bi Ikweta, akasubiri. Wanafunzi wote nao wakamtazama.

"Si tone," akasema. "Ni kijiji."

"Kwenye atlasi kiko ukurasa wa ngapi?"

"Hakimo."

Mkaguzi aliandika mistari mitatu kwenye fomu yake. Mlangoni alivaa viatu polepole, akafunga kamba za kwanza, akafunga za pili. Kabla hajaondoka alisema bila kuinua kichwa, "Mwalimu, ungesema tone."

Jumamosi asubuhi. Madirisha ya darasa namba saba yako wazi na madawati yamepangwa nje kwenye korido. Fomu inasema sakafu ipakwe ifikapo Jumatatu. Wanafunzi thelathini na wawili wamekuja bila kuitwa. Mkuu wa shule ameleta makopo manne ya rangi ya kijivu na roli mbili za kupakia, na amekunja suruali hadi magotini.

Hakuna hotuba. Dereva wa gari la wagonjwa amepita mapema, akaomba apake kisiwa chake mwenyewe, akapaka, akaenda kazini. Redio anapewa Pasifiki kwa sababu ndiyo kubwa. "Mmenionea," anasema, na watu wanacheka kidogo, kama wanavyocheka msibani. Jangwa lenye rangi ya jiko linaondoka. Barafu ya kaskazini inaondoka. Mstari mwekundu unafutwa kutoka dirishani kuja mlangoni, na Bi Ikweta anautazama ukifutika mpaka unafika miguuni pake, kisha anasogea.

Kiranja yuko kando na daftari kubwa. Tangu Jumatano, kwa tahadhari, wenye miraba wamekuwa wakiinakili upya, kila mmoja wake, na yeye anazikusanya karatasi: arobaini na tisa zimefika, tano hazijarudi. Mtihani ukiisha, wataanza tena. Awamu hii si darasani. Mkuu ameahidi uwanja wa nyuma ya maktaba, ambapo hakuna mtu anayefanya mtihani.

"Ile ya kwanza tulianza kupima kutoka kona ya ukuta," anasema Bi Ikweta. "Hii tutaanzia kwingine."

Anasema hivyo akiwa amepiga magoti kwenye ziwa. Roli haifiki hapa. Ana brashi nyembamba ya kuchorea na kifuniko cha kopo chenye kijivu kidogo, na anazunguka nukta nyeupe taratibu, ulimi ukiwa katikati ya meno, bila kuigusa. Jina la kijiji linaondoka, herufi moja moja, kwa sababu maandishi hayaruhusiwi. Nukta inabaki.

Mkuu wa shule anakuja kusimama juu yake na roli inayodondoka.

"Fomu inasema ramani yote, mwalimu."

"Nukta moja si ramani, mkuu. Mwite mkaguzi. Mwambie ni tone la rangi."

Mkuu anafikiri. Kisha anaipeleka roli yake upande wa pili wa chumba, mbali kabisa.

Saa sita na robo, simu ya mwalimu inalia. Ni fundi. Jana mchana, mashine ya fotokopi ilipopona, aliacha namba yake. Yuko na mama yake kwenye laini nyingine, anasema. Bibi amefika salama kwa binti yake, lakini hajatulia, ana neno anataka kuuliza. Sauti ya bibi inaingia, mbali, yenye mikwaruzo.

"Mwanangu, bado kipo?"

Bi Ikweta anainuka, goti likimlia. Anaitazama sakafu, kijivu kibichi kinachong'aa kutoka ukutani hadi ukutani, na katikati yake kitu kidogo cheupe.

"Kipo, mama," anasema.

Hamwambii kwamba kimebaki peke yake.